UZI: Seti nzima ya nguvu kwa Forester SG5 bila kukata hata waya moja ya gari. Konekta nmetengeneza mwenyewe hapa Kisauni

#1 SG5_Kisauni (mwenye uzi)

Asalaam aleikum wazee wangu na kina dada. Huu uzi nliahidi kitambo na nmeukawiza makusudi, nlitaka masika ipite kwanza. Konekta ikitoka mezani leo kila mtu ataisifu, lakini Mombasa yetu hii na chumvi ya bahari na unyevu wake, kazi ya waya huijui mpaka imelala nje mwezi wa tano wote. Sasa mvua imepita, juzi Jumapili nmefungua kila konekta moja moja nkaangalia ndani, kwa hivyo naweza kusema kitu.

Gari ni Subaru Forester SG5, injini EJ205 ya tabo. Nlichofunga ni injekta kubwa (zile za kumwaga petroli kwenye silinda), valvu ya busti (presha ya hewa ya tabo) ya MAC yenye midomo mitatu, sensa ya waidibendi ya Bosch LSU 4.9, ile inayosoma moshi wa ekzosi kujua petroli ni nyingi ama chache, na kisanduku chake, sensa ya presha ya bari 3 ile ya GM, kompyuta ndogo ya kusaidia ile ya gari, na pampu ya petroli ya lita 255 kwa saa. Na katika hivyo vyote hakuna hata kimoja ambacho mdomo wake waingia kwenye soketi ya Subaru. Seti huja na waya zimekatwa mwisho, rangi rangi tu zaning'inia, na karatasi yakwambia kata hapa unga pale.

Hapo pa kukata ndo pamenifanya niandike. Miaka miwili nyuma gari hii hii nlimpa fundi mmoja anifungie injekta, simtaji wala gereji yake siitaji. Akakata soketi za kiwandani zote nne, akachuna waya kwa meno, akasokota, akazungusha tepu nyeusi, kamaliza. Siku ile gari ikaenda mashallah. Mvua ilipokuja ikaanza kukohoa nkipanda mlima wa Mazeras, ikitulia kwenye tambarare kama haina neno. Nkaipeleka kwa mwengine akabadilisha plagi, akabadilisha koili, hela zaenda. Wiki ya pili ikagonga. Tukafungua injini, pistoni ya silinda ya tatu imemeguka ule ukingo wa kati ya pete ya kwanza na ya pili.

Nkaenda kufungua ile tepu ya injekta ya tatu kwa mkono wangu. Gundi yake imeyeyuka kwa joto imekuwa kama lami, ndani shaba imegeuka kijani, na kuvuta kidogo tu naona zimebaki nyuzi tatu nne ndo zimeshikilia. Injekta ya ohm 12 kwa volti 14 hula ampea 1.2 hivi, kidogo tu, lakini lile ungio bovu likiongeza ohm mbili tatu pale, injekta yachelewa kufunguka, petroli yapungua kwa silinda ile moja peke yake, na kompyuta haitajua manake sensa ya oksijeni yasoma moshi wa silinda zote nne ukiwa umechanganyika. Zile tatu nzuri zaficha moja mbovu. Ukiongeza busti juu yake pistoni yala moto.

Kwa hivyo safari hii, soketi zile nne zikisha kurudishwa, nkajiwekea sharti, kila kitu kiingie na kitoke kwa konekta, waya ya kiwandani isiguswe na kisu. Nikitaka kuuza gari leo, seti yote naitoa na gari yarudi kama ilivyoshuka kwa meli.

Ntaandika moja moja, niulizeni.


#2 Mtwapa_tabo

Nafuatilia kaka. Swali la kwanza tu, ule mdomo wa kiume wa kuingia kwenye soketi ya injekta ya gari umetoa wapi? Mimi wa kike napata lakini wa kiume sijawahi kuona ukiuzwa.


#3 SG5_Kisauni

Swali zuri sana na hapo ndo nlikwama wiki tatu. Mdomo wa kiume wa injekta ni injekta yenyewe! Nikaenda pale wanapovunja magari nkaomba injekta zilizokufa za Subaru, wakaniuzia nne kwa bei ya chai. Ukiitazama ile injekta, kichwa chake ni plastiki ngumu imemwagiwa juu ya pini mbili. Nkaikata kwa msumeno wa chuma chini ya kile kichwa, pole pole, ikiwa kwenye jiriwa imefungiwa kitambaa isipasuke. Zikabaki pini mbili zatokeza nyuma kama milimita 3. Nkazisugua kwa msasa laini, nkalehemu waya ya 0.75 (milimita mraba), kila moja nkaivisha kimpira cha kusinyaa, kisha nkaweka kichwa chote ndani ya kipande cha bomba la plastiki nkamwaga epoksi mpaka waya zikazama kama sentimita moja. Tafuta epoksi ya kustahimili joto, soma pakiti, ile ya kawaida ya kuunganishia viti hulainika ikipata joto la injini na kazi yote itakuwa bure. Nkaiacha siku nzima bila kuigusa.

Upande wa pili wa hiyo waya nkaweka mdomo wa kike wa EV14, ule wa injekta mpya, na pini zake na mpira wake wa kuzuia maji. Urefu wote kiganja kimoja. Upande huu waingia kwenye soketi ya Subaru, upande huu kwenye injekta mpya. Nne hivyo.


#4 FundiLehemu

Kijana, kazi nzuri, lakini nimesoma kwengine humu ukiwaambia watu wasilehemu, wabane tu. Sasa hapa mwenyewe umelehemu. Mimi nimefanya umeme wa magari Mombasa hii miaka 30, nimelehemu waya za malori na matatu na zatembea mpaka leo. Nieleze.


#5 SG5_Kisauni

Shikamoo ami. Swali lako la haki na nashukuru umekuja.

Lehemu yenyewe haina ubaya, yapitisha umeme vizuri tu. Tatizo lake ni kwamba ikiyeyuka hupanda ndani ya nyuzi za waya, kama utambi unavyonywa mafuta, na ile sehemu iliyonywa yawa ngumu kama msumari. Waya laini, kisha ghafla waya ngumu. Injini yatikisika, waya yapinda pale pale kwenye mpaka kila siku, na nyuzi zakatika moja moja ndani ya ganda, kwa nje huoni kitu. Kwenye kile kichwa cha injekta mpaka wote umezama ndani ya epoksi, hapapindi, ndo nkalehemu kwa moyo mweupe. Lakini kwenye pini ya kawaida inayotoka nyuma ya konekta ikining'inia, hapo nabana.

Na sensa za oksijeni hata watengenezaji hukataza kulehemu waya zake, manake ziko ambazo huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia humo humo ndani ya waya, katikati ya nyuzi. Ukiziba kwa lehemu sensa yaanza kudanganya.


#6 FundiLehemu

Marahaba mwanangu. Sasa nimekuelewa, na ntakuongezea usilolisema. Za kwangu hazikatiki kwa sababu kila ungio nalifunga waya kwenye kitu kisichotikisika, kabla na baada, mkono mmoja kila upande. Waya isiyofungwa hata ukiibana kwa mashine ya Japani itakatika. Wengi humaliza kazi ya konekta wakaacha waya yacheza juu ya injini, ncha moja yafungwa kwenye injini na ya pili kwenye bodi, injini ikijinyonga waya yavutwa. Acha ulegevu pale pa kutoka injini kwenda bodi, kisha funga.


#7 SG5_Kisauni

Ami hii naipokea na nmeenda kuangalia saa hii kwa tochi. Waya yangu ya valvu ya busti imefungwa upande mmoja tu. Kesho asubuhi natengeneza.


#8 dada_wa_sprinta

Hongera kaka. Mimi nina 1JZ kwa Mark II ya marehemu baba na nataka kufanya kama wewe. Hiyo kubana waifanyaje haswa? Nilinunua koleo ya bei rahisi, zile za rangi nyekundu buluu manjano, nkibana pini yatoka nkivuta na kidole.


#9 SG5_Kisauni

Pole dadangu, na Mungu amrehemu mzee. Hiyo koleo ni ya vile vichwa vyenye ganda la plastiki nyekundu, buluu na manjano, ni ya kazi nyengine kabisa. Pini za konekta za gari ziko wazi mgongoni, zina mbawa mbili mbili. Mbawa za mbele hushika shaba, za nyuma hushika ganda. Koleo yake huzikunja mbawa zikajipinda kuingia ndani, ukiangalia kwa mbele waona kama herufi B. Zile zako zaziponda tu zikalala bapa.

Navyofanya mimi:

Nachuna ganda kama milimita 4 hadi 5, inategemea pini, na nahesabu nyuzi. Ikikatika hata moja nakata mwisho naanza upya. Sisokoti nyuzi. Kama konekta ina mpira wa kuzuia maji, mpira waingia kwenye waya KABLA ya pini, hili nmelisahau mara nyingi mpaka nkaandika kwa chokaa ukutani mbele ya meza. Kisha nalaza waya: katikati ya mbawa za mbele na za nyuma kuna kijidirisha, pale nataka kuona shaba kidogo na ganda kidogo, vyote viwili. Nkiona shaba tupu, ganda halijashikwa. Nkiona ganda tupu, basi mbawa za mbele zimebana plastiki, na hiyo ndo mbaya kuliko zote kwa sababu yashika kwa nguvu lakini umeme haupiti. Mbele kabisa nyuzi zitokeze kidogo kama brashi, milimita moja tu, zikizidi zaingilia pale pini ya kiume inapopita.

Kisha naipima. Hii nawapa bure: mtungi wa maji wa lita 5. Pini ya majaribio naifunga kwenye msumari, upande wa pili wa waya nauning'iniza mtungi umejaa, kilo 5 hizo, kwa waya ya 0.5. Iking'ang'ania dakika moja bila kusogea nabana zilizobaki vile vile. Ikichomoka, koleo haifai ama nmekosea tundu la koleo. Usipime ile utakayoitumia, pima ndugu yake wa waya ile ile na pini ile ile.

Na waya yenyewe dada, usikubali kuuziwa waya ya nyumba. Ile ya uzi mmoja mnene hukatika kwa mtikisiko, na ganda lake la kawaida limepimwa joto la digrii 70 tu. Mimi nlikata za gari zilizovunjwa, zina nyuzi nyingi na ganda jembamba, kwa pale karibu na tabo nkatafuta ya digrii 125. Ukipata shaba iliyopakwa bati, nunua yote uliyoipata, haigeuki kijani upesi.


#10 Mtwapa_tabo

Hizo pini na konekta zapatikana wapi hapa mjini? Nmezunguka maduka ya spea Jomo Kenyatta Avenue yote, wanauza soketi ya taa tu.


#11 SG5_Kisauni

Njia mbili. Ya kwanza, kwa wanaovunja magari, na hapo usinunue konekta peke yake, mwambie akate na mkia wa waya wa shibri moja, na ukate za pande zote mbili, wa kike na wa kiume. Gari za Kijapani nyingi hutumia konekta za Yazaki na Sumitomo, kwa hivyo ya Toyota yaweza kukutana na ya Nissan ukashangaa. Mimi huenda na ya kwangu mfukoni nkazijaribu moja moja.

Ya pili wengi hawaijui: mafundi wa malori. Wale wa trela Miritini na Jomvu, na wanaotengeneza mashine kubwa kubwa, wote watumia konekta za Deutsch, aina ya DT. Zile za kijivu. Za DT zabeba ampea 13 kwa pini, ndogo zake DTM 7.5, kubwa DTP 25. Zina mpira kila tundu na kile kipande cha kabari cha kufungia pini zisirudi nyuma. Ukienda na heshima watakuuzia hata pini sita tu. Mimi kila mahali ambapo seti yangu yakutana na seti yangu, yaani si kwa soketi ya Subaru, nmeweka DT. Ila zile pini zake nene za mviringo zabanwa na koleo yake ya meno manne, hii ya herufi B haifanyi. Nliazima kwa jamaa wa malori, nkabana zote alasiri moja.

Tundu ambalo halina waya lizibwe na kizibo chake. Tundu moja wazi na mpira wote wa konekta umekuwa kazi bure. Injini ikiwa moto hewa ndani ya konekta yatanuka, ukipita kwenye maji yapoa ghafla yanywa, maji yavutwa ndani kama pampu.


#12 kijana_wa_printa

Mimi nna printa ya 3D hapa Bamburi. Nlichora konekta ya sensa ya hewa nkaiprinti, ilikaa vizuri sana siku mbili kisha ikajikunja kama ndizi. Nliweka plastiki ya PLA. Nifanye nini?


#13 SG5_Kisauni

PLA huanza kulainika kwenye digrii 60 kaka, chini ya boneti Mombasa mchana ukizima tu injini joto hupita hapo. Za kiwandani nyingi ni plastiki ya nailoni ama PBT. Mimi printa nmeitumia kwa mambo mawili tu, na ningekushauri vivyo hivyo: kishikilio cha kufungia konekta kwenye bodi, mbali na tabo, kwa plastiki ya ASA, na kisanduku cha ndani ya gari chini ya dashibodi. Ile ulimi inayobana na kushika konekta, pamoja na meno ya kushika pini, yataka plastiki inayopinda na kurudi mara nyingi, na printa zetu hizi hukatikia pale kwenye mistari. Hebu nikuagizie hicho kisanduku, nakutumia vipimo.


#14 kijana_wa_printa

Tuma kaka, nakuprintia bure, nipe tu picha ikifungwa.


#15 SG5_Kisauni

Sasa niseme ya kompyuta, nmeulizwa na watu watatu pembeni.

Kompyuta ndogo yataka kusoma waya kadhaa za kompyuta ya gari na mbili tatu kuzipitisha ndani yake. Karatasi yasema chuna waya pale nyuma ya kompyuta. Sikuchuna. Nlinunua kompyuta ya Subaru iliyokufa, iliyoingia maji, nkaitoa ile safu ya pini za kiume kwenye bodi yake kwa chuma cha lehemu na uvumilivu wa usiku mzima, na kwa gari lililovunjwa nkapata soketi zake za kike pamoja na waya. Nkaziunga katikati: soketi za gari zaingia kwenye safu yangu ya pini, soketi zangu zaingia kwenye kompyuta ya gari, na katikati humo ndo nachukua waya nazotaka kupitia konekta moja ya DT ya pini 12. Nkitoa, soketi za gari zarudi kwenye kompyuta yake, basi.

Kila waya nliipima kwa mita mara mbili, mara ya kwanza kama yafika inapotakiwa, mara ya pili kama HAIFIKI kwa jirani yake. Ya pili ndo watu huiruka. Waya za sensa ya krenki (mzunguko wa injini) na ya kugonga zina ganda la wavu wa kinga, ule wavu uunge kwenye athi (upande hasi wa umeme) upande mmoja tu, ule wa kompyuta. Ukiunga pande zote mbili wavu wenyewe wageuka njia ya kelele za umeme.

Sensa ya presha ya GM: pini zake zimeandikwa A, B, C. A ni athi, B ni ishara, C ni volti 5. Hiyo athi irudishe kwenye athi ya sensa pale kwenye kompyuta, usiipige kwenye bodi. Bodi ya gari iliyokula chumvi yaweza kuwa na tofauti ya volti 0.1 na kompyuta, na kwa sensa hiyo volti 0.1 ni kama kilopaskali 6, karibu psi 1 ya busti. Utatuni gari kwa namba ya uongo.

Valvu ya MAC ina waya mbili na haina kushoto wala kulia, moja ipate moto (umeme chanya) baada ya swichi, nyengine iende kwa kompyuta, yenyewe ndo huifungulia athi kwa mapigo.

Waidibendi sasa, na hapa nawaomba sana. Konekta ya LSU ina pini 6 lakini sensa ina waya 5. Hamjajiuliza? Ndani ya kile kichwa cha plastiki kuna rezista ndogo iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo hiyo moja. Ukikata konekta ukaunga waya kwa waya umetupa kipimo cha sensa yako na itasoma vibaya daima. Waya ni fupi? Rudisha kwa aliyekuuzia ama tafuta waya ya kurefusha yenye midomo yake miwili. Usikate. Na usiendeshe gari na sensa imo kwenye ekzosi lakini haina umeme, masizi yataiua.


#16 dada_wa_sprinta

Ya rezista sikuijua wallahi. Yangu imekatwa na aliyefunga. Ndo maana yasoma kavu (petroli chache) hata ikiwa yatoa moshi mweusi?


#17 SG5_Kisauni

Yaweza kuwa ndo hiyo, na yaweza kuwa ekzosi yavuta hewa kabla ya sensa, hiyo pia husoma kavu. Angalia tundu la gasketi kwanza maana halina gharama. Lakini sensa iliyokatwa konekta mimi singeitunia gari ya marehemu baba dadangu, nunua nyengine.


#18 Mtwapa_tabo

Pampu je? Soketi ya pampu ya gari si yatosha?


#19 SG5_Kisauni

Soketi yaingia lakini waya haitoshi. Piga hesabu nami. Pampu ya lita 255 ukiikaza yaweza kula ampea 12 hivi. Waya ya 0.75 ina ukinzani wa kama ohm 0.023 kwa mita. Kutoka mbele mpaka tangi mita 5, ni ohm 0.115, mara ampea 12 ni volti 1.4 imepotea njiani. Pampu yapata 12.4 badala ya 13.8 na presha yashuka pale pale unapoihitaji, busti ikiwa juu. Waya ya 3 kwa urefu ule ule yapoteza kama 0.35 tu. Kwa hivyo nlivuta waya mpya ya 3 kutoka betri, fyuzi karibu na betri, rilei (swichi ya umeme) nyuma, na ile waya ya zamani ya pampu ndo yaamsha rilei kwa konekta. Pale kwenye tangi nlitumia DTP ya ampea 25.


#20 FundiLehemu

Na athi yake?


#21 SG5_Kisauni

Umenishika ami, nlikuwa nimesahau kuandika. Athi nayo ni ya 3, boliti yake nmesugua rangi mpaka chuma king'ae, nkafunga, kisha nkapaka grisi juu. Athi ya zamani ya pampu nmeiacha kwenye soketi yake.

Kuhusu grisi, kwa konekta napaka kidogo sana kwenye mpira wa nje tu iteleze na isipasuke. Grisi yenyewe haipitishi umeme, sijazi kwenye pini.


#22 SG5_Kisauni

Matokeo ya Jumapili kama nlivyoahidi.

Wengi hupima konekta kwa ohm gari ikiwa imezimwa. Kipimo hicho chadanganya, waya yenye nyuzi 19 ikibaki na uzi mmoja mita bado yasema sawa. Nlipima na injini ikinguruma, mita kwenye volti, ncha moja ya mita nyuma ya konekta upande huu, nyengine nyuma upande wa pili, yaani nasoma volti iliyopotea ndani ya konekta yenyewe. Ikizidi 0.1 naifungua. Injekta zote nne ziko chini ya 0.02. Pampu 0.04. Rilei ya pampu ikanipa 0.13, si konekta, ni ile soketi ya rilei ya bei rahisi nliyonunua, mbawa zake za kike zimelegea. Nmezibana kwa sindano zikashuka 0.06 lakini naibadilisha, sitalala nayo.

Ndani ya konekta za DT hamna hata tone. Kichwa kimoja cha epoksi, injekta ya kwanza, kina ufa mwembamba ukingoni. Shaba ndani ni safi, lakini nmemwaga chengine tayari. Nafikiri sikusugua plastiki kwa msasa kabla ya kumwaga, epoksi haikushika ukuta.

Nmepanda Mazeras na watu wanne na mizigo. Silinda ya tatu haikukohoa.


#23 FundiLehemu

Mwanangu hiyo koleo ya herufi B nije niione Jumamosi baada ya adhuhuri. Nina Hilux ya mteja imekatwa soketi za injekta zote na sitaki kuzisokota.


#24 SG5_Kisauni

Karibu ami. Njoo na injekta mbovu za Hilux ukizipata, nne, na msumeno. Epoksi ipo.